Mshindi wa mechi 303 asiye na nchi

Mpwa wangu alipoanza kucheza besiboli nilidhani ni upepo wa kupita. Aliwahi kupenda karate kwa wiki tatu, sare zake bado ziko kabatini kwa dada. Lakini hii ya besiboli ikashika. Akawa anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye masikio, anakula kama mbeba mizigo, halafu anakaa sebuleni kuchezesha mpira mmoja mweupe wenye mshono mwekundu kati ya vidole viwili, kama mzee na tasbihi.

Siku moja nikampeleka mazoezini. Kama hujui, besiboli ya Tanzania imekuja kwa mkono wa Wajapani. Uwanja wake ulioko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, umejengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018. Pale nilikuta jambo lililonigusa kabla hata mpira haujarushwa: vijana wanafika kwenye mstari, wanavua kofia, wanauinamia uwanja, ndipo wanaingia. Mtu anapiga hodi kwenye nyasi! Wenyewe wanauita Koshien.

"Huyo Koshien ndiye aliyeujenga?" nikauliza.

Mpwa wangu akacheka mpaka nikaona haya. "Mjomba, Koshien si mtu. Ni uwanja, uko Japani. Kule kila mwanafunzi anayecheza besiboli anaota afike Koshien. Hata mara moja tu."

Usiku ule nikakaa na simu nisome hiyo Koshien. Ni uwanja mkubwa uliojengwa mwaka 1924 karibu na Osaka, na kila Agosti shule za sekondari kutoka Japani nzima hukutana pale. Taifa zima husimamisha shughuli kuwatazama watoto wa watu. Nikasoma majina ya waliong'ara pale. Kisha, kama inavyokuwa mtu akishazama kwenye intaneti saa saba za usiku, nikaanza kusoma habari za wasiofika. Ndimo nilimokutana na Victor Starffin. Tangu hapo hajanitoka kichwani.

Jina lenyewe halina sura ya Kijapani. Alizaliwa mwaka 1916 Nizhny Tagil, mji wa migodi na vyuma kwenye milima ya Ural, Urusi. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la mfalme wa Urusi, na mwaka mmoja tu baada ya mtoto kuzaliwa mfalme huyo hakuwa tena mfalme. Mapinduzi yakaja, na familia iliyokuwa upande ulioshindwa ikakimbia. Walielekea mashariki, wakaikata Siberia, wakafika Harbin kaskazini mwa China walikojaa Warusi wenzao wa aina hiyo, na mwaka 1925 wakavuka bahari hadi Japani. Victor alikuwa na miaka tisa. Wakaweka makazi Asahikawa, mji wa ndani katika kisiwa cha Hokkaido. Asahikawa ndiko ilikopimwa baridi kali kuliko zote katika rekodi za Japani, nyuzi 41 chini ya sifuri, Januari 1902. Kwa mtoto wa Ural labda palikuwa kama nyumbani.

Nchi waliyotoka ilikuwa haipo tena, na serikali iliyochukua nafasi yake haikuwataka. Nchi waliyofika iliwapa pa kukaa, lakini uraia haikuwapa. Kwa karatasi, hawakuwa watu wa mahali popote. Wajapani wana neno la hali hiyo, mukokuseki, asiye na utaifa. Victor aliishi na neno hilo hadi anaingia kaburini.

Lakini alikuwa na mkono. Kwa msomaji ambaye besiboli kwake ni picha za kwenye filamu, niseme kidogo kuhusu kazi ya mrushaji. Anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Kazi yake ni kumpitishia yule mpira bila kupigwa vizuri. Mchezo mzima unamsubiri yeye: asiporusha, hakuna kinachotokea. Mpira wa miguu hauna mtu wa namna hiyo. Labda ungemchukua kipa na mpiga penalti ukawafanya mtu mmoja, kisha ukampa penalti mia moja kwa mchana mmoja. Na mwisho wa mechi, timu ikishinda, ushindi huandikwa pia kwa jina la mrushaji mmoja. Likumbuke hilo la kuandikwa, nitalirudia.

Victor akawa mrefu, mita moja na tisini hivi, katika nchi ambako vijana wenzake walimfika kifuani. Kwenye picha za shule anaonekana kama mnazi kwenye shamba la mihogo. Alisoma Asahikawa, akaongea Kijapani kama wenzake, na akaota walichoota wenzake: Koshien. Shule yake ilifika hatua za mwisho za mchujo wa Hokkaido, ikashindwa. Akabaki na matumaini ya mwaka unaofuata.

Hapa simulizi inaingia giza. Mwaka 1933 baba yake, aliyekuwa na duka la chai mjini, alikamatwa kwa kumuua mwanamke Mrusi aliyekuwa akimfanyia kazi. Akafungwa. Mama na kijana wakabaki, wageni wasio na nchi, na jina la muuaji juu yao.

Sasa ingia Tokyo, mwaka 1934. Matsutaro Shoriki, mmiliki wa gazeti la Yomiuri na aliyewahi kuwa mkubwa katika polisi, anaandaa ziara ya wachezaji mashuhuri wa Marekani, akiwemo Babe Ruth mwenyewe. Anahitaji timu ya Wajapani ya kucheza nao. Lakini tangu 1932 wizara ya elimu ilikuwa imepiga marufuku wanafunzi kucheza na wachezaji wa kulipwa, kwa hiyo kijana yeyote aliyeingia timu hiyo alipaswa kuacha shule. Na aliyeacha shule, Koshien aliiaga. Kule Asahikawa watu hawakutaka kumwachia kijana wao. Yeye mwenyewe hakutaka kwenda.

Basi wakaja watu wa Tokyo, na kwa jinsi inavyosimuliwa hawakuja na sukari tupu. Familia haina uraia. Baba yuko jela. Hebu fikirini ingekuwaje mkirudishwa Urusi. Hiyo Urusi ilikuwa Muungano wa Kisovieti wa Stalin, na baba alikuwa ofisa wa jeshi la mfalme. Sina haja ya kueleza zaidi. Kijana wa miaka 18 akapanda treni na mama yake kwenda kusini, bila kuwaaga wenzake wa timu.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi, na kila mara najikuta nawatafutia udhuru watu wa Tokyo. Siupati. Wengine huandika kwamba ndivyo nyota alivyogunduliwa. Mimi naona mtu aliyekuwa na udhaifu mmoja, na udhaifu huo ukashikwa kama ng'ombe anavyoshikwa pua.

Katika ziara ile alirusha mara moja tu, kwa kifupi, mwishoni mwa mechi. Aliyetikisa nchi alikuwa kijana mwingine, Eiji Sawamura, wa miaka 17, ambaye siku moja ya Novemba huko Shizuoka aliwatoa mfululizo Charlie Gehringer, Babe Ruth, Lou Gehrig na Jimmie Foxx, wote bila kuugusa mpira kwa maana. Japani ilifungwa 1-0 siku ile na bado wanaikumbuka kama ushindi. Timu ile ndiyo iliyozaa klabu ya Tokyo Giants, na mwaka 1936 ligi ya kulipwa ikaanza. Sawamura akawa nyota wa kwanza. Victor akawa wa pili, kisha, Sawamura alipochukuliwa jeshini, akawa wa kwanza bila mshindani.

Mwaka 1937 alicheza mechi nzima bila kuruhusu mpigo hata mmoja. Halafu ukaja mwaka 1939, na hapa namba zenyewe zinaongea vizuri kuliko mimi. Ligi ilikuwa na mechi 96 kwa kila timu. Giants walishinda 66. Kati ya hizo, 42 ziliandikwa kwa jina la Starffin. Arobaini na mbili! Mrushaji wa siku hizi akishinda 20 kwa msimu anapewa zawadi na gari. Yule alirusha raundi zaidi ya 450 mwaka ule, leo akianza mechi, kesho kutwa akiingia kuokoa nyingine, na mwaka uliofuata, kama vile hakuchoka, akashinda 38 huku akiruhusu wastani wa chini ya pointi moja kwa mechi. Miaka yote miwili alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mpwa wangu nilipomwonyesha namba hizi alinyamaza, kisha akashika bega lake mwenyewe akasema, "Anko, huyu mkono wake si ungekatika?"

Ungekatika, ndiyo. Wengi ilikatika. Wa kwake haukukatika, na ndiyo maana uliendelea kutumiwa.

Mwaka 1940, akiwa kwenye kilele hicho, jina lake lilifutwa. Japani ilikuwa vitani na China, chuki dhidi ya vitu vya kigeni ilipanda, na ligi ikaanza kujisafisha: majina ya Kiingereza ya timu yakaondolewa, maandishi ya kifuani yakabadilishwa. Baadaye hata maneno ya refa yalibadilishwa, straiki ikawa "yoshi", yaani sawa. Na Victor Starffin akawa Hiroshi Suda. Mtu mrefu mwenye nywele za rangi ya mchanga na macho ya Ural anatangazwa uwanjani kwa jina la Suda, na watazamaji wanapiga makofi kana kwamba hawamwoni. Nachekeshwa kidogo, kisha sichekeshwi tena. Walimpa jina la Kijapani bila kumpa uraia wa Kijapani. Kwa watu wa mchezo alikuwa Suda. Kwa polisi alibaki mgeni wa kuchungwa.

Afya ikaanza kumsumbua, mapafu. Akarudi uwanjani. Mwaka 1944 alirusha mechi chache, akashinda sita bila kupoteza, kisha akaondolewa kabisa kwenye mchezo na kupelekwa Karuizawa, mji wa milimani ambako wageni waliwekwa chini ya ulinzi. Sawamura, Mjapani halisi asiyetiliwa shaka na mtu, alikufa Desemba mwaka huohuo, meli iliyombeba kwenda vitani ilipozamishwa. Alikuwa na miaka 27. Nchi ile ilimtuma mmoja kufa kwa kuwa ni wake, ikamfungia mwingine kwa kuwa si wake. Mrushaji aliyebaki hai ni yule aliyekataliwa. Sijui niiite nini hiyo, bahati au nini.

Vita vikaisha. Victor, aliyejua lugha, akafanya kazi ya ukalimani kwa jeshi la Wamarekani. Wangeweza kumaliza hapo yeye na besiboli. Lakini kocha wake wa zamani wa Giants, Sadayoshi Fujimoto, alikuwa na timu mpya iitwayo Pacific, na mwaka 1946 Victor akamfuata. Giants hakurudi tena. Miaka iliyofuata alihama kila klabu ilipobadilika au kuuzwa, maana klabu za Japani hubeba majina ya kampuni: Robins, Stars ya kwanza, Stars ya kampuni ya filamu, Unions, na mwishowe Unions ileile ikivaa jina la kampuni ya penseli. Zilikuwa timu dhaifu. Mwaka 1949 bado alishinda mechi 27, akiwa na miaka 33. Baada ya hapo mkono ukaanza kuzeeka kama mikono yote, akawa anashindwa zaidi ya anavyoshinda, na bado anapanda kichuguu.

Alikuwa anaitafuta namba moja, 300. Hadi wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushinda mechi 300 katika ligi ya Japani. Tarehe 4 Septemba 1955, Kyoto, akiwa na klabu ile ya penseli, akatangazwa kuwa wa kwanza kufika. Mwisho wa msimu akastaafu. Mechi alizorusha mwanzo hadi mwisho bila mpinzani kupata pointi hata moja zilikuwa 83, na rekodi hiyo hadi leo hakuna aliyeigusa.

Sasa nirudi kwenye lile la kuandikwa. Baada ya vita, watunza kumbukumbu wa ligi walizipitia karatasi za zamani. Wakaona kwamba kati ya ule ushindi wa 42 wa mwaka 1939, miwili ilipaswa kuandikwa kwa warushaji wengine kwa mujibu wa kanuni za baadaye. Wakafuta. Zikabaki 40. Mwaka 1961 mrushaji mwingine, Kazuhisa Inao wa timu ya Lions, akashinda mechi 42 kwa msimu mmoja na akapongezwa kwa kuvunja rekodi. Kelele zikazuka. Mwaka 1962 kamishna wa besiboli akaamua kwamba aliyeamua siku ile, akiwa pale uwanjani, aheshimiwe: Starffin alirudishiwa 42 zake, na Inao akageuka kutoka mvunja rekodi kuwa mwenza wa rekodi. (Maskini Inao. Lakini naye alishinda 42, asilie sana.)

Na kwa kuwa mbili zimerudi, jumla yake ikapanda hadi 303. Maana yake, ushindi wa 300 halisi haukuwa ule wa Kyoto. Ulikuwa umetangulia, katika mechi ya nyuma ambayo siku hiyo hakuna aliyejua ni siku gani. Alishangiliwa kwa mechi ambayo haikuwa yenyewe.

Hili ndilo linalonikalia rohoni kuhusu Starffin kuliko hata hila ya Tokyo. Wajapani ni watu wa kumbukumbu, nawavulia kofia kwa hilo. Walimhesabu, wakamhesabu tena, wakabishana kwa miaka kuhusu mechi mbili za mtu huyu, hadi kamishna akaingilia. Kila mpira wake ulikuwa na mahali pa kuandikwa. Yeye mwenyewe hakuwa na daftari lolote la serikali lililomwandika kama wao. Na hakuwa mgeni wa kupita: aliishi Japani tangu utotoni, alioa huko, alizaa huko, mke wake wa pili alikuwa Mjapani.

Hakuuona uamuzi wa 1962. Usiku wa tarehe 12 Januari 1957, mjini Tokyo, mtaa wa Setagaya, gari alilokuwa akiendesha liligonga tramu kwa nyuma. Alikuwa na miaka 40, zaidi ya mwaka mmoja tu tangu astaafu. Watu walisema mengi kuhusu usiku ule, kwamba alikuwa amekunywa, kwamba alikuwa na mawazo, kwamba na kwamba. Maneno ya msibani, na ya msibani huachwa msibani. Mwaka 1960 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli wa Japani, mgeni wa kwanza kufika humo. Hata katika heshima hiyo aliandikwa mgeni.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote tukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na mvua inanyesha, gari halisogei, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Nilitegemea aulize kuhusu ile kesi ya baba, au Stalin. Akauliza, "Sasa Koshien hakufika kabisa?"

Hakufika kabisa, nikamwambia. Lakini Asahikawa, mji alioondoka bila kuaga, una uwanja wa besiboli, na tangu miaka ya 1980 unaitwa Uwanja wa Starffin. Nje kuna sanamu yake anarusha. Na mchujo wa shule za kaskazini mwa Hokkaido, ule wa kutafuta nani aende Koshien mwezi wa nane, umekuwa ukichezwa humo miaka na miaka. Vijana wa miaka 17 wanashuka kwenye basi na mabegi yao, wanapita pembeni ya yule Mrusi mrefu wa shaba, wanafika kwenye mstari, wanavua kofia.

"Wanamwinamia yeye?"

"Wanauinamia uwanja."

"Si una jina lake lakini," akasema, kisha taa zikawaka kijani na kama kawaida hakuna aliyesogea.